Mwalimu Asiyesalimiwa

Karibu na ninapoishi, hapa Kalangalala mjini Geita, kuna kijana anayeziba pancha chini ya mwavuli uliochanika. Nampita kila asubuhi nikienda kazini, na sijawahi kumtazama mara mbili. Juzi nilipita, siku moja baada ya kurudi msibani, naye ndiyo kwanza amefungua kopo lake la gundi. Harufu ikanipiga puani. Mimi mtu mzima, kofia ngumu ya kazini mkononi, nikasimama kando ya barabara nikalia. Kijana akaniuliza, "Mama, vipi, unaumwa?" Nikamwambia gundi yake inaniwasha macho. Maskini, akaifunga haraka, akaniomba radhi.

Hiyo ndiyo harufu ya Mwalimu Luhende. Walimu wengine walinukia chaki, au sabuni, au pombe kwa wale waliokuwa nayo. Wa kwetu alinukia gundi ya pancha kuanzia vidoleni hadi kwenye kola ya shati, na sisi wanafunzi tulisema ni ubahili. Tulisema mengi. Mtoto akikosa sababu ya jambo huitunga, na akishaitunga huiamini kuliko kweli yenyewe.

Tulifika kijijini pale, upande wa Kahama, mimi na mama yangu na masufuria yake. Kutoka uwanja wa shule ulikiona kilima cha kifusi cha mgodi wa Buzwagi kwa mbali, cheupe, kimenyooka juu kama kimekatwa kwa kisu. Lakini mama hakufuata mgodi mkubwa. Alifuata machimbo madogo, yale ya watu wa sururu na kamba, akawapikia wali na maharage. Alitokea Tanga, akaolewa, akaachika njiani, kama alivyopenda kusema mwenyewe, na akaendelea na safari. Mimi alinipangia chumba karibu na shule ya sekondari ya kata, kwa bibi mmoja wa Kisukuma ambaye Kiswahili chake kilitosha kunikaribisha chakula na kukemea kuku. Mama alilala machimboni, akaja kuniona mwisho wa wiki.

Kabla hajaniacha siku ya kwanza alinikalisha kitandani. "Mwanaidi," akasema, "sisi hapa hatuna ng'ombe, hatuna shamba, hatuna ndugu. Tuna salamu tu. Usije ukampita mtu mzima kama unapita mti." Nikashika. Nilisalimia kijiji kizima. Niliwasalimia wazee waliokuwa wakiota jua, wanawake wa lamboni, wachungaji, hata mwendawazimu wa sokoni, naye aliitikia vizuri kuliko wengi. Wengine walinijibu kwa Kisukuma nisichokielewa, wakacheka, nami nikacheka.

Aliyenijibu kuliko wote alikuwa Mwalimu Luhende. Alitufundisha hisabati. Mtu mrefu, mwembamba, wa kutoka Maswa, anayeendesha baiskeli huku magoti yakikaribia kugusa mikono. Ukimwamkia njiani hakuitikia huku akipita. Alisimamisha baiskeli kabisa, akaweka mguu chini. "Marahaba, Mwanaidi, mwanangu. Umeshindaje?" Halafu akangoja umjibu. Ukisema salama tu, aliendelea kungoja, mpaka umwambie jambo lolote la kweli, hata kama ni kwamba kuku wa bibi wamekula michembe yako, viazi vyako vya kukausha. Sikuwa na baba wa kuniuliza nimeshindaje. Nilianza kutafuta sababu za kukutana naye.

Darasani nilikuwa naficha kwamba mama yangu ni mama ntilie wa machimboni. Wenzangu walikuwa watoto wa wafugaji, na kwao machimbo yalikuwa mahali pa watu waliopotea. Siku moja Mwalimu alichora ubaoni mashimo mawili, moja limekwenda chini wima, jingine limelala. Akageuka. "Mwanaidi, njoo hapa mbele. Wewe maduara, mashimo ya wachimbaji, umeyaona kwa macho. Yote mawili yanafika kina kimoja. Kamba ya lipi ni ndefu?" Damu ilinipanda usoni. Nikasema lililolala. "Kwa nini?" Nikasema kwa sababu linakwenda chini na linakwenda pembeni, vyote kwa pamoja. Akawatazama wenzangu. "Mmemsikia? Hiyo ndiyo hesabu yenyewe ya leo. Mimi nimekuja kuiandika tu." Akaandika kanuni yake pembeni ya duara langu, na tangu siku hiyo machimbo hayakuwa aibu tena, yalikuwa kitu ninachokijua na wenzangu hawakijui. Leo kazi yangu ni kupima mashimo ya wachimbaji hapa Geita. Sina haja ya kueleza ilikoanzia.

Niliyekaa naye dawati moja aliitwa Nkwimba, msichana mpole, mwenye mwandiko mzuri na kicheko cha kujificha. Jumatatu moja hakuja. Wiki ikapita. Wakasema amekwenda kwa shangazi yake Shinyanga mjini, mitaa ya Kambarage, atasoma huko. Nilisikitika kwa sababu hakuniaga, basi. Na siku hizo hizo, nikitoka lamboni na ndoo kichwani, nikamwona Mwalimu anakuja kwa baiskeli. Nikasema kwa furaha, "Shikamoo Mwalimu!"

Hakusimama. Aligeuza uso upande wa vichaka, akapita.

Nilidhani hakusikia. Kesho yake nikaongeza sauti. Akapita. Wasichana niliokuwa nao wakanifinya. Mmoja akaninong'oneza, "Hasalimiwi yule." Nikauliza kwa nini. Akatazama chini, akaongeza mwendo.

Niseme hapa nilichokuja kukijua nikiwa mtu mzima. Nkwimba alikuwa ameposwa. Ng'ombe walikwisha kufika zizini kwa baba yake, na siku ilikwisha kupangwa. Mwalimu Luhende alikwenda kwa baba mtu kuzungumza, akafukuzwa. Akaenda tena, akafukuzwa tena. Ndipo akapanda baiskeli yake hadi mjini, akarudi na watu wa serikali. Nkwimba akachukuliwa, akapelekwa kwa shangazi. Ng'ombe wakarudishwa walikotoka, mbele ya kijiji kizima, mchana kweupe.

Wazee hawakumsamehe. Si kwamba wote walipenda msichana aolewe. Wengine, nasikia, hawakupenda. Kosa lilikuwa kutoa neno la kijiji nje ya kijiji. Mkutano ukaitwa, likapigwa shauri kwa Kisukuma, hukumu ikatoka: ametengwa. Mtu aliyetengwa hasalimiwi na haitikiwi. Haazimwi moto. Hachoti maji na watu, hasagiwi mashineni, hanyolewi, hazibiwi hata pancha. Akifiwa, hazikiwi. Atakayevunja naye anatozwa ng'ombe, na asiye na ng'ombe anahama. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja: apeleke fahali, apige magoti, aseme mbele ya wote kwamba alikosea, na Nkwimba arudi kwa baba yake. Wenyeji wote walilijua hilo, hadi watoto. Mimi na mama tulikuwa wageni, na bibi yangu hakuwa na Kiswahili cha kunielezea jambo zito namna ile. Nadhani alijaribu. Siku moja alinishika mdomo kwa kiganja chake, akatikisa kichwa, akaonyesha nyumba ya Mwalimu. Nikadhani ananikataza kupiga kelele.

Ukiwa hujui, unaona vitu na kuvipa maana yako. Nywele za Mwalimu zilianza kukatwa ovyo, huku zimebaki ndefu, huku ngozi inaonekana. Tukasema anajikata mwenyewe na wembe kwa kubana matumizi. Ndiyo, alijikata mwenyewe. Akaanza kunuka gundi. Nyumbani kwake, jirani kabisa na mashine ya kusaga, kukawa na mlio wa kinu asubuhi na jioni, mke wake anatwanga mahindi kama bibi wa zamani, huku mashine inanguruma pale pale. Maji waliyafuata mbali, hata ng'ombe wasikonyweshwa. Nilimwona mkewe akipita na ndoo, na mapacha wao wawili wadogo, Kulwa na Doto, wakimfuata kila mmoja na kidumu chake. Nikajiambia, kumbe ni watu wanaojiona. Hawataki kuchangamana na wanakijiji.

Darasani, ajabu, alikuwa yule yule. Shule ilikuwa ya serikali, hukumu iliishia getini. Tulisimama tukamsalimia kwa Kiingereza, naye akatuitikia kwa Kiingereza. Salamu hiyo wazee hawakuifikiria. Alifundisha kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka, akarudia kwa Kiswahili taratibu, na aliyebaki nyuma akamwinamia kumwelezea kwa Kisukuma. Mimi alinipa maswali ya kidato cha mbele nijaribu. Alisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni neno la kunitia moyo. Saa ya kutoka ilipofika, akapita getini na baiskeli yake, na hapo uso wake ukafungwa.

Hilo ndilo lililoniuma. Kama angekuwa mkali kote, ningemwogopa tu, kama walimu wengine. Lakini anipende ndani ya uzio na anikatae nje? Nilifikiri sana, na akili yangu ya kitoto ikapata jibu: anaona haya kuonekana na mtoto wa mama ntilie. Ndani hakuna anayemwona. Nje, mbele za watu, hanijui.

Hata hivyo sikuacha kumwamkia. Nina kiburi, tangu zamani, na kiburi changu ni cha kung'ang'ania. Nilisema nitamsalimia mpaka achoke yeye. Kila jioni nilimngoja njiani. "Shikamoo Mwalimu." Vichaka. "Shikamoo Mwalimu." Vichaka. Wenzangu walikuwa wananikimbia.

Likizo moja ndefu niliikaa machimboni nikimsaidia mama kuosha vyombo. Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Luhende aliingia darasani kichwa kimenyolewa chote, kinang'aa, bila alama hata moja ya wembe. Nikamgeukia niliyekaa naye sasa, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Afadhali, leo amepata kinyozi." Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Mwalimu alikuwa ameshika chaki, hajaandika kitu. Kisha akaandika.

Alikuwa amenyoa msiba, kwa sababu ya Doto. Homa ilimshika mtoto katika likizo ile. Mama yake alipiga yowe, na katika kijiji ambacho yowe likilia kila mwanamume anatoka mbio na silaha yake, hakutoka mtu. Mwalimu alimbeba mtoto kwenye baiskeli kuelekea zahanati, na hakufika naye. Waliomsaidia kuchimba kaburi ni walimu wenzake wawili waliokuwa hawajasafiri, nao walikuwa watu wa kuja. Wanakijiji walikaa milangoni mwao wakatazama. Nasikia wanawake walilia ndani kwa ndani, khanga midomoni. Wazee wakapeleka ujumbe kwamba fahali bado anangojwa. Hakupeleka fahali. Angepeleka, Nkwimba angerudishwa, na baada ya Nkwimba wangefuata wengine.

Sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimecheka na hakuna aliyecheka nami.

Muda si mrefu tulifanya mtihani, nami nikaongoza hisabati. Alinisifu mbele ya darasa. Jioni nikasema leo lazima ataniitikia. Nilimvizia mbele ya mashine ya kusaga, mahali penye watu wengi wenye mafurushi yao ya mahindi. Nilitaka waone. Alipotokea nikasimama katikati ya njia. "Shikamoo Mwalimu!" Akakwepa. Nikamkimbilia. "Mwalimu, shikamoo!" Akakanyaga pedali kwa nguvu, mnyororo ukachomoka, akashuka akaanza kukimbia huku anaisukuma baiskeli, mtu mzima mwenye suruali iliyopigwa pasi, anamkimbia mtoto wa shule. Mwanamke mmoja akacheka. Wengine wote wakanitazama mimi, na mzee mmoja mwenye mgolole akasimama kutoka kwenye gogo, akasema neno kwa Kisukuma. Sikulielewa. Niliuona uso wake tu. Sikulala vizuri, na kulipokucha nikafunga nguo zangu kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda machimboni kwa mama. Nikasema shule basi.

Mama aligomba siku ya kwanza. Siku ya pili akaanza kunipa kazi, maana kazi ilikuwepo. Nikapika, nikaosha, nikapeleka chai kwenye mwalo, wanakosafishia mchanga wa dhahabu. Wasichana wa umri wangu waliokuwa wakiishi pale niliwajua kwa majina, na mama alijua habari zao kuliko mimi, ndiyo maana alinyamaza sana siku zile. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuzoea. Ndivyo inavyokuwa, hakuna siku unayoamua kubaki.

Akatokea na baiskeli yake, vumbi hadi kwenye nyusi. "Hodi Mama Mwanaidi. Habari za kazi?" Mama akamkaribisha, akamwekea wali. Nilijificha nyuma ya turubai nikachungulia. Alikula polepole. Wachimbaji waliokuwa mezani wakamsalimia, akawaitikia kila mmoja kwa zamu, akawauliza wanatoka wapi, akacheka nao, akaomba chai, akaomba tena chai. Hakutaka kuondoka mezani pale. Mimi nikakasirika zaidi. Kumbe watu wa machimboni anaweza kuwasalimia! Ni mimi tu!

Alinifuata nyuma ya turubai. "Mwanaidi. Umeacha shule kwa nini?"

"Nimechoka, Mwalimu."

"Na nini?"

Akachuchumaa, akachora kwa kijiti kwenye vumbi lile duara lililolala. "Lako ndilo hili," akasema. "Limelala, kamba yake ndefu. Lakini chini linafika. Nisikilize mwanangu. Kama ni mimi nimekuudhi, niudhikie ukiwa darasani."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na mwiko mkononi. "Mwalimu, mchukue," akasema. "Akikaa hapa mwezi mwingine, sitaweza tena kumtoa."

Akanipakia nyuma ya baiskeli. Njia nzima aliongea. Aliniuliza nimeshindaje siku zote hizo, akangoja nimjibu, na mimi, mjinga, nikayeyuka, nikamweleza kila kitu, mpaka habari za mchimbaji aliyeimba usingizini. Nikaona nimempata tena Mwalimu wangu. Tukafika kwenye kijito kikavu, pale mashamba ya kijiji yanapoanza. Akasimama. "Shuka hapa. Tangulia wewe."

"Na wewe, Mwalimu?"

"Nitakuja nyuma. Nenda tu. Usigeuke."

Niligeuka. Alikuwa ameketi ukingoni, baiskeli imelala pembeni, anatazama upande mwingine, ananisubiri nipotee machoni ndipo aingie kijijini. Basi, nikasema moyoni, sasa nina uhakika. Tangu siku hiyo shikamoo yangu nikaifungia. Nikikutana naye njiani nilipita kimya kama wengine wote. Nilisoma kwa hasira, na hasira nayo ni kuni, chungu kilichemka. Nikafaulu. Nikaondoka kijijini bila kumuaga.

Nkwimba ndiye aliyenitoa gizani. Tulikutana hapa Kalangalala, sokoni, mimi nachagua dagaa, yeye anauza vitenge. Tukatazamana, tukapiga kelele kama wehu. Siku hiyo alinieleza yote, kuanzia ng'ombe hadi Doto, akidhani najua. "Hukujua kweli? Ulikuwa unaishi wapi wewe?" Niliishi pale pale. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Tukapanga kwenda kumwona. Tukasema mwezi ujao, tukasema baada ya mvua, tukasema Krismasi na Idi zikipita. Kisha Nkwimba akanipigia simu asubuhi na hakuweza kusema, alilia tu, nami nikajua ni nani.

Msiba ulijaa. Sijawahi kuona watu wengi namna ile kijijini pale. Kuna waliokuja kutoka Mwanza, kutoka Dar es Salaam, madaktari, wahasibu, askari, wote waliopita mikononi mwake. Wanakijiji walikuja wote. Waliobeba jeneza walipokezana hadi wakagombana. Hukumu ile haikuwahi kufutwa, Nkwimba aliniambia. Wazee walioikata walikufa mmoja mmoja, na vijana aliowafundisha wakakalia viti vyao, watu wakaanza kumsalimia taratibu, mmoja leo, mwingine mwaka ujao, na hakuna aliyesimama kutangaza kwamba imekwisha. Mwenyekiti wa kijiji alisoma sifa zake kwa kipaza sauti. Nilisikiliza nikiwa nimekunja uso. Kumbe mnajua kuzika, nilitaka kusema. Kumbe miguu mnayo.

Jioni, watu walipoanza kupungua, nilimkuta Mama Kulwa jikoni kwake. Amezeeka, mgongo umepinda. Alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Shikamoo Mama Kulwa."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mwanaidi. Nilisoma hapa. Mama yangu alikuwa anapika machimboni."

Akanishika mkono, hakuuachia. Akanitazama usoni. "Mwanaidi wa salamu?"

Sikuelewa. Akaniketisha chini, karibu na miguu yake.

"Ngoja nikwambie, mwanangu. Mwenzangu akirudi shule, baiskeli anaiegemeza pale. Anaingia, anafunga mlango. Anavua viatu. Anakaa hapa, kwenye kinu hiki, anawaita watoto. 'Kulwa, Doto, njooni tuitikie.' Basi anaanza. 'Marahaba, Mwanaidi, mwanangu. Umeshindaje?' Na wale wawili wanapokea kwa kelele, 'Marahaba Mwanaidi!' Mimi nawanyamazisha, nasema mtasikika nje, mtamponza mtoto wa watu. Hawakukujua hata sura. Lakini kila siku ya Mungu walikuitikia."

"Na wengine waliomwamkia?"

"Wengine nani? Vitoto vilisahau siku za mwanzo, vikachapwa na wazazi, vikakumbuka. Ulibaki wewe. Wazee walikuacha kwa kuwa mgeni, hujui, na salamu isiyoitikiwa hawakuihesabu."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Siku ile ya kijitoni, neno moja tu lingetosha.

"Hata mimi nilimsema. Nikamwambia, mwite huyo binti umweleze. Akakataa. Akasema, 'Yule ukimweleza atanisalimia kwa makusudi, tena kwa sauti, na mama yake hana ng'ombe wa kutoa.'" Akatabasamu kidogo. Mwalimu alinijua kuliko nilivyojijua. Ningefanya hivyo hivyo.

Kisha tabasamu likamwisha. Akawa anapapasa ukingo wa kinu. "Halafu ukaacha. Doto alikuwa ameshatutoka. Akarudi siku moja, akavua viatu, akakaa. Kulwa akamwambia, 'Baba, hatuitikii leo?' Akasema leo hakuna. Kesho yake Kulwa akauliza tena, na kesho yake. Baadaye naye akaacha kuuliza." Hakunilaumu. Alinieleza tu kama mtu anavyoeleza mambo ya nyumbani kwake, akaniomba nimsaidie kuinuka akaone kama wageni wamepata chakula. Pale mlangoni alikuwa ameketi yule mzee wa mgolole, amebaki yeye tu, macho yamefunga ukungu, na Mama Kulwa akamwekea sahani mikononi, akamsaidia kuishika.

Nilitoka nikaenda kaburini. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima cha Buzwagi, na udongo ulikuwa bado mbichi, pembeni ya kaburi dogo ambalo nyasi zake zilikuwa zimefyekwa vizuri. Kulwa alikuwa pale, mwanamke mzima sasa, amenipa mgongo, anasawazisha udongo kwa mikono. Hakuniona nikija. Nami sikuja kwa ajili yake. Nilisimama miguuni pa kaburi, na maneno niliyoyaandaa njia nzima kutoka Geita yakanikimbia yote, likabaki moja.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema.

Kukawa kimya, kimya kile kile cha vichaka. Mikono ya Kulwa ikasimama juu ya udongo. Hakugeuka. Akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayekumbuka mchezo wa zamani, "Marahaba, Mwanaidi, mwanangu. Umeshindaje?"

Kisha akangoja, kama baba yake alivyokuwa akingoja, mpaka nimwambie jambo la kweli. Nikamwambia sikushinda vizuri.